Cheti cha zimamoto cha Texas eti hakitambuliki Florida, ni kweli au mdogo wangu anatuzuga?

BintiChuda

Asalaam aleykum wakuu, na wengine habari za saa hizi. Naomba mwenye kujua mambo ya Marekani anisaidie kabla hatujatoana macho hapa nyumbani.

Mdogo wangu alipata green card ya bahati nasibu, akafikia Texas, huko akasomea zimamoto akafaulu, akaajiriwa kwenye kamji kadogo nje ya Houston, picha kasimama na gari jekundu tukatumiwa, mama akaisafisha moja kubwa akaitundika juu ya friji kila mgeni lazima aione. Sasa mwaka huu mkewe, yeye ni nesi, kapata kazi hospitali moja Florida, wakahama. Mke wiki ya pili tu kaingia zamu. Dogo mpaka leo, ni miezi minne sasa, anasambaza vyakula vya watu majumbani na gari lake, ukimuuliza anasema cheti cha Texas Florida hawakitambui mpaka apitie upya kwao afanye mtihani, na hela ya mtihani na kwenda na kurudi ndo imekula ile aliyokuwa atume tuezeke nyumba ya Kange hapa Tanga. Bati zimekaa kwa fundi tangu mwezi wa tatu!

Mama hataki hata kusikia. Anasema Marekani si nchi moja, rais mmoja, moto wa Texas na moto wa Florida una tofauti gani? Mjomba aliyemkopesha nauli yeye kashahukumu, kijana kafukuzwa kazi anaona haya kusema. Na kinachotukwaza wote ni huyo mke, mbona cheti chake cha unesi cha hukohuko Texas kimekubalika bila maneno?

Naombeni ukweli, hata kama unauma.

Bara_ya_15

Pole dada ila hapo mnapigwa fiksi mchana kweupe. Mi nina shemeji yangu yuko Dallas, leseni yake ya gari ya Texas anaendesha nayo majimbo yote wala hasimamishwi. Leseni ya gari inatambulika halafu ya kushika mpira wa maji isitambulike? Mjomba kashaona mbali. Bati pigeni kwa mkopo tu.

MbongoOhio

@Bara_ya_15 mkuu usihukumu mtu kwa leseni ya gari. Dada, mdogo wako anasema kweli. Mi niko Ohio, zimamoto ya kujitolea mwaka wa sita sasa, nimetokea Makorora hukohuko Tanga, kwaiyo nikuelezee taratibu na mama umsomee.

Marekani hakuna kitu kinaitwa leseni ya taifa ya zimamoto. Haipo. Kila jimbo lina utaratibu wake na ofisi yake, Texas ni tume yao ya zimamoto, Florida iko chini ya mkuu wa zimamoto wa jimbo, hapa Ohio vyeti vinatolewa na kitengo cha huduma za dharura. Kuna majimbo bila cheti chao hulipwi mshahara wa zimamoto hata siku moja, Texas na Florida yote yako kundi hilo, na kuna mengine jimbo halikulazimishi kitu, wameiachia idara ya mji iamue. Usisahau karibu theluthi mbili ya wazimamoto wa nchi nzima ni wa kujitolea, mtu mchana fundi bomba usiku anazima moto, kwaiyo kila mahali wamejipangia wanavyoweza.

Kinachowaunganisha ni kiwango cha mafunzo. Kuna shirika linaitwa NFPA, liko Massachusetts, ndo waliandika kiwango namba 1001 cha mzimamoto anatakiwa ajue nini ngazi ya kwanza na ngazi ya pili, juzijuzi wamekiingiza ndani ya kitabu kingine 1010 ila watu bado tunasema 1001. Majimbo mengi yanafundisha kufuata hicho. Sa kufundisha kitu kimoja haina maana natambua karatasi yako, maana nitajuaje kama kweli ulitahiniwa au mlinyweshana chai mkasainiana?

Hapo ndo inakuja habari ya MUHURI. Kuna vyombo viwili, IFSAC ambao makao yao yako chuo kikuu cha Oklahoma State pale Stillwater, na Pro Board ambao mizizi yao ni 1972. Hawa hawamtahini mtu, wanakagua yule anayetahini. Jimbo likipita kwenye ukaguzi wao, cheti chako kinaweza kuwa na muhuri wa IFSAC wenye namba au kikaandikwa kwenye daftari la Pro Board, na jimbo lingine linaingiza namba linakuona. Kwaiyo anayehama hahami na cheti cha jimbo, anahama na muhuri. Cheti cha Texas ni cha Texas tu.

Lakini (na hapa ndo mdogo wako alipokwamia) kila jimbo linaamua lenyewe muhuri uwe na uzito gani. Mengine ukionyesha mihuri ya ngazi ya kwanza, ya pili na ile ya kemikali za hatari wanakupa cha kwao unasonga. Florida ni wale wanaosema vizuri, mafunzo yako tumeyaona yanalingana na yetu, darasani hurudi, ila kaa mtihani wetu, wa kuandika na wa vitendo. Chuo chao cha jimbo kiko Ocala. Wa vitendo si mchezo, unavaa mtungi wa hewa mgongoni na barakoa kwa kuhesabiwa sekunde, unavuta mpira, unasimamisha ngazi, ukikosea hatua moja ya usalama unaambiwa asante nenda nyumbani. Mtu aliyekaa miezi minne anabeba pizza lazima arudi mazoezini kwanza, na mazoezi ya kujifua kabla ya mtihani nayo yanalipiwa.

Muulize swali moja tu: cheti chako cha Texas kina mihuri? Texas mtihani wao unakubalika IFSAC ila muhuri haudondoki wenyewe, unauomba na unaulipia pembeni. Vijana wengi hawaombi kwa sababu wanaona watakaa hapohapo.

BintiChuda

Shukrani sana kaka yangu wa Makorora, nimemsomea mama neno kwa neno. Kasema "haya, na yule mke?" 😂 Kagoma kwenye nesi. Kuna mwenye jibu la hilo?

Nesi_Mstaarabu

Hilo la nesi nimwachie nani, niko Bagamoyo ila dada yangu kapitia hukohuko.

Manesi wa Marekani wana mkataba wa majimbo, unapata leseni moja inafanya kazi kwenye majimbo yote yaliyosaini na yameshapita 40. Texas wamo. Florida wamo. Kwaiyo wifi yenu aliingia zamu na leseni yake ya Texas halali kabisa, anachodaiwa ni kwamba akishahamia jimbo lingine la mkataba ana siku 60 za kuomba leseni ya pale alipohamia. Angehamia California wangekaa wote wawili wanasambaza vyakula, California haijasaini.

Wazimamoto hawana mkataba kama huo. Wa gari la wagonjwa wanao wa kwao, majimbo zaidi ya 20. Kwaiyo ndani ya nyumba moja mke ana mkataba, mume hana, wala mtu hajadanganya mtu.

Hata sisi huku Afrika Mashariki ndo hivohivo jamani, wahandisi, wahasibu, wasanifu majengo na madaktari wa mifugo nchi zetu zilishasaini kutambuana, we fani yako kama haimo kwenye orodha unaanza kuhangaika na mafaili.

Mzee_wa_Pongwe

Vijana mnashangaa ya Florida, ngoja niwape ya hapa kwetu maana naona mmesahau au hamkuwepo.

Mimi nimestaafu zimamoto. Kabla ya sheria ya 2007 zimamoto ya nchi hii ilikuwa mali ya halmashauri, kila mji na yake, mwajiri wako ni mkurugenzi. Sare zako zinashonwa kwa bajeti ya mji, gari ni la mji. Ukitoka mji huu kwenda ule unaingia kama mgeni, wanakuangalia juu mpaka chini, umefundishwa na nani, wapi, wiki ngapi. Sheria ndo ikatufanya jeshi moja, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Mambo ya Ndani, konstebo wa Tanga ni konstebo huyohuyo akipelekwa Kigoma, na namba ya kupiga moja 114. Chuo chenyewe tunacho mkoa wetu huu, Chogo, Handeni, kijana akitoka pale hakuna wa kumuuliza umesomea wapi. Ila vuka bahari hapo mbele uende Unguja ukakute Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, chombo chao wenyewe cha SMZ, hata neno lenyewe wao uokozi sisi uokoaji. Kwaiyo mama mwambie, hata sisi nchi moja, rais wa Muungano mmoja, zimamoto mbili.

Sasa nikuchekesheni. Enzi hizo za halmashauri nilikwenda kusaidia mji mmoja wa bara, siutaji, ghala la pamba linaungua. Tumefika na gari letu, maji yetu yameisha dakika chache kama kawaida, wenyeji wanatuletea mpira wao tuunganishe kwenye bomba lao la barabarani. Kiungo hakiingii! Cha kwetu cha kubonyeza kinalia "ta!" kinashika, cha kwao cha kuzungusha na hesi. Tumesimama pale na mipira miwili mikononi kama watu wanaocheza mdako. Mwisho dereva wetu akakata tyubu ya baiskeli tukavilinganisha tukavifunga viungo viwili kwa tyubu, maji yanaruka pembeni nusu yote, tumelowa sisi kuliko ghala. Pamba iliungua mpaka asubuhi.

Toka siku hiyo mtu akiniambia moto ni moto namtazama tu.

MbongoOhio

Mzee wangu shikamoo! Hicho kisa ndo kilekile cha Baltimore hapa, tunafundishwa siku ya kwanza darasani. Februari 1904, mji unaungua, wakaleta msaada kwa treni, magari ya zimamoto toka Washington, Philadelphia mpaka New York, wanafika viungo vya mipira yao haviingii kwenye mabomba ya Baltimore. Majengo zaidi ya 1,500 yaliteketea. Ndo wakaanza kukaa chini kuandika kiwango cha viungo, na mpaka leo bado kuna miji haifanani, kwenye gari letu tuna sanduku zima la adapta. Cheti cha mtu nacho ni hivohivo, muhuri ndo adapta yake.

Mzee_wa_Pongwe

Marahaba kijana. Hiyo ya adapta nimeipenda.

Bara_ya_15

Haya nimekubali nilikurupuka, dada nisamehe na umwambie mjomba naye akurupuke kurudi. Ila mi bado najiuliza, jamaa alishafanya kazi miaka kaingia ndani ya nyumba zinazoungua, si anaweza kuonyesha barua ya bosi wake wa zamani yakaisha? Mtihani wa nini?

MbongoOhio

Barua inasaidia kwa mwajiri, kwa jimbo haitoshi. Hivi ni vitu viwili watu wanachanganya sana. Jimbo linasema unaruhusiwa kuwa mzimamoto. Idara ya mji ndo inasema tunakutaka au hatukutaki, na idara ina masharti yake juu ya yale ya jimbo. Florida idara nyingi hazikuangalii kama huna cheti cha huduma ya kwanza ya gari la wagonjwa, wengine wanataka kile kikubwa kabisa. Hapo namwombea dogo awe ana hicho cha gari la wagonjwa cha usajili wa kitaifa, maana ni mtihani mmoja unaopokelewa majimbo mengi, jimbo jipya anaomba leseni yao tu, muhimu kisiwe kimelala, kinahuishwa kila miaka miwili.

Halafu kuna mtihani wa mwili. Idara nyingi zinatumia CPAT, vituo 8, dakika 10 na sekunde 20, unavaa fulana ya uzito wa kilo 22 na ushee, kituo cha kwanza ngazi ya mashine wanakuongezea kilo 11 nyingine mabegani unapanda dakika 3 hatua 60 kila dakika, hushiki pembeni. Ukishuka hapo mapaja yanatetemeka kama ya mwanambuzi wa siku moja, na hujavuta mpira bado, hujabeba misumeno, hujapiga nyundo, hujaburuta mdoli wa kilo 75. Mi mara ya kwanza nilitapika nje ya jengo. Na cheti cha CPAT idara nyingi hazikikubali kikipita muda, kwaiyo hata hicho cha Texas sidhani kama kitamfaa.

Cha mwisho, Florida sheria yao inataka uwe umemaliza sekondari. Dogo kamalizia wapi? Kama ni fomu foo ya hapo nyumbani basi wataulizia thamani yake, atahitaji kile cheti halisi cha NECTA sio kopi iliyofifia.

Ushauri wangu kwa yeyote mwenye ndugu kwenye fani hii huko: mihuri iombwe ukiwa bado uko kwenye jimbo ulilofanyia mtihani, matokeo yakiwa bado ya moto. Ukishahama unaanza kubembeleza ofisi kwa simu, na mtihani nao una muda wake wa uhai ukipita muhuri hupewi tena. Silabasi ya kozi, masaa uliyosoma, namba za vyeti, vyote piga picha weka kwenye imeili yako mwenyewe sio kwenye kabati la kituo.

Nesi_Mstaarabu

Hiyo ya kabati la kituo iandikwe kwa wino mwekundu. Mi vyeti vyangu vya kozi fupi vilikaa ofisi ya mtu miaka miwili, bosi kahama na ufunguo.

Kijana_wa_Sahare

Naomba kuuliza nje ya mada kidogo, mi nataka kusomea zimamoto halafu nitoke nje, bora nipitie Chogo au nitafute hivo vya IFSAC moja kwa moja?

Mzee_wa_Pongwe

Chogo unakwenda ukishaajiriwa na Jeshi, si chuo cha kujilipia utoke uondoke zako. Tangazo la ajira likitoka omba kama wengine. Ukitaka ya viwandani angalia hapo Chongoleani bomba la mafuta linapoishia, kwenye mafuta wanataka watu wa usalama wa moto, uliza wao wanatambua cheti gani NDIO ukalipe ada. Wengi hulipa kwanza halafu ndo wanauliza.

BintiChuda

Wakuu narudi na mrejesho.

Jana usiku tumempigia dogo video sote, mama, mjomba na mimi. Nikamuuliza kama kaka alivosema, cheti chako kina mihuri? Akanyamaza kwanza. Akauliza "nani kakwambia mambo ya mihuri?" Akaenda kuleta bahasha akaimwaga mezani mbele ya simu, karatasi moja moja anatuonyesha. Kina nembo ya Texas, kina jina lake lote mpaka la babu, muhuri HAMNA. Anasema siku anamaliza mkubwa wake wa kituo alimwambia usipoteze hela, unabaki hapa hutahitaji. Mtihani wake wa mwisho ni wa mwaka jana kwaiyo leo asubuhi kwao anaandika maombi kabla muda haujapita. Florida mtihani atafanya vilevile, ila kasema mkewe akipata tena kazi jimbo lingine yeye hahami kinyonge.

Kile cha usajili wa kitaifa anacho na kiko hai, alhamdulillah. Na cheti cha fomu foo hicho hakuna aliyejua kiko wapi mpaka mama akainuka kimyakimya akaenda kuvuta sanduku la chini ya kitanda, kumbe kakiweka ndani ya plastiki pamoja na kadi yake ya kliniki. Jumatatu nakituma.

Mjomba kaomba radhi kwa shida, kasema deni lake hata hivo anataka mwezi wa kumi na mbili.

Mama yeye kashika la mdoli. Kila akipita jikoni anauliza, "kilo sabini na tano? Na anaburutwa umbali gani?"